Ukurasa wa Tisini na Moja

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemkosea shemeji Veronika. Naandika hilo kwanza, kabla sijaanza kutafuta maneno ya kulipamba. Nilimkosea miaka kumi na mbili iliyopita, nikamkosea tena mwaka juzi. Sasa kosa limechapishwa, lina jalada jekundu.

Leo viatu saba. Soli nne, visigino viwili, na kimoja cha mwanafunzi kimechanika mpaka sina pa kupitisha sindano. Jua kali. Vumbi linaingia kwenye gundi.

Saa tano Mwalimu Kiliani kapita kuniachia kitabu cha Jumamosi. Mwalimu ni mstaafu, ndiye anatuongoza kwenye kikundi chetu cha kusoma. Tuko sita. Kitabu kinakuwa kimoja tu, kwa hiyo mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, halafu tunabishana. Tunasoma vya kweli. Riwaya Mwalimu hataki, anasema uongo tunao wa kutosha majumbani.

Hiki ni cha vifo vya kutatanisha vya huku bondeni. Mwandishi namjua. Mwaka juzi alishinda kwenye benchi langu na kinasa sauti chake. Soda mbili alininunulia. Nikaongea.

Ukurasa wa tisini na moja ni mimi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimekisoma chote. Kinaudhi.

Mwanzoni ameandika kwamba majina yamebadilishwa, kama vile katusaidia. Shemeji kamwita Bi V. Halafu anasema Bi V. ana kovu la moto mkono wa kushoto, aliolewa Namawala, sasa anauza vitumbua Katindiuka. Nani hamjui huyo? Hata mbwa wa Katindiuka wanamjua.

Na hiyo "inasemekana" yake. Nimehesabu mpaka thelathini nikachoka. Inasemekana na nani? Na fundi viatu aliyepewa soda.

Ukurasa wenyewe unasema hivi: mume alipofariki, mke alikuwa shambani anaamia ndege wasile mpunga. Akapelekewa habari. Akajibu, "Nikiondoka mpunga wangu utaliwa." Hakuja kuzika. Hapo mwandishi anauliza, mwanamke wa namna hiyo alikuwa anaficha nini? Unafungua ukurasa wa pili, anaanza kuongelea sumu.

Kaka Fidelisi alikufa kwa homa. Siku tatu, mbele ya macho yetu. Sumu kaileta mwandishi.

Lakini hayo maneno ya mpunga nimempa mimi. Aliyetumwa kupeleka habari ni mimi. Sikufika. Nitaandika yote, ila siyo leo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mwalimu kasema leo nisome mimi, eti nina sauti ya padri. Sikuwa na sababu ya kukataa. Nikasoma. Nilipofika themanini na tisa nikafunua karatasi mbili kwa pamoja.

Bosco yule wa bodaboda akaruka. "Mzee, umeruka! Hapo alikuwa shambani, sasa yuko mjini. Kapanda ndege gani?"

Wakacheka. Nikarudi nyuma. Nikasoma maneno yangu mwenyewe kwa sauti ya padri.

Bosco tena: "Aisee, si yule mama vitumbua wa Katindiuka? Mimi nimekula vitumbua vyake mwaka mzima!"

"Ndiyo maana huna akili," Mwalimu kamjibu.

Wakacheka zaidi. Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote ya leo. Nilicheka.

Mwalimu anasema kitabu kimefanyiwa utafiti. Anataka kumwalika mwandishi mwezi wa kumi na mbili. Nilimwambia utafiti wenyewe ni mdogo. Akaniuliza, wewe umejuaje? Nikasema nahisi tu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimechukua kitabu kingine ili nisifikirie hiki. Kumbukumbu za mkubwa mmoja mstaafu. Kurasa mia tatu na hajakosea hata mara moja. Amezaliwa kwenye umaskini, sawa. Akasoma kwa shida, sawa. Kuanzia hapo kila kilichoharibika kiliharibiwa na wenzake. Mke wake katajwa mara mbili, siku ya harusi na siku alipougua. Picha za kupeana mikono ziko ishirini.

Kabla ya hapo nilisoma cha kijana anayefundisha watu kufanikiwa. Amka saa kumi alfajiri, anasema. Mama yangu aliamka saa kumi maisha yake yote, akafa na jembe lake. Kitabu kizima yule kijana hajaonekana akimwomba mtu yeyote samahani.

Nawakasirikia hawa watu. Halafu nakumbuka mimi ningeandika cha kwangu, lile la mtoni ningeliruka vilevile. Ningefunua karatasi mbili kwa pamoja.

Jumatano, 16 Oktoba

Haya. Naandika.

Masika, mwezi wa nne. Fidelisi ni mtoto wa baba yangu mkubwa, kwa hiyo kaka yangu kabisa. Alipatwa na homa akiwa Namawala nyumbani kwa wazazi. Veronika yuko ng'ambo, shambani, kwenye dungu. Dungu ni kile kitanda cha miti juu ya nguzo, unakaa hapo tangu alfajiri unapiga debe na kurusha udongo kufukuza ndege. Mpunga ukishaanza kukomaa huwezi kuuacha. Simu yake haipatikani, kule mtandao hakuna.

Kaka akafa Jumanne asubuhi. Baba mkubwa akaniambia, "Chukua baiskeli, kamlete shemeji yako. Tutazika kesho jioni, tutamsubiri." Nikaenda. Nikafika mtoni. Maji yamejaa, yana rangi ya chai ya maziwa, yanabeba magogo. Mwenye mtumbwi hayupo. Watu walikuwa wanavuka kwa miguu pale juu kidogo, wameshikana mikono. Nikaingia mpaka kiunoni. Nikaogopa. Nikatoka.

Nilikaa kwenye kilabu cha pombe upande huu mpaka jua likaisha, nikalala hapohapo. Asubuhi nikarudi msibani. Wote wakanitazama mikononi kama vile ningekuwa nimembeba. Ningesema nimeogopa maji? Mwanaume mzima, mbele ya wazee. Mdomo ukasema wenyewe: "Nimemwambia. Anasema mpunga wake utaliwa na ndege."

Hakuna aliyeuliza mara mbili. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba ndege wakishuka nusu saa utavuna mabua. Kwa hiyo waliniamini. Na kwa kuwa waliniamini, walimchukia.

Tukazika bila yeye.

Alikuja siku ya tano. Alivuka mwenyewe. Kichwani kiroba cha mchele mpya, kautwanga kule shambani, wa kwanza kumwonjesha mumewe. Alikuwa anaimba. Nilimsikia kabla sijamwona. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, wamejifunga vichwa, yeye anaingia uani anaimba.

Akasema hakuambiwa. Akasema, "Shemeji, ulikuja lini?" Mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Shemeji, usinidhalilishe."

Mchele ule waliwamwagia kuku. Wakamfukuza. Mpaka leo hajaonyeshwa kaburi la mume wake.

Ndiyo hiyo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimepita Katindiuka kwa makusudi. Saa sita mchana na ndoo yake ya vitumbua imejaa mpaka juu. Zamani saa mbili asubuhi unakuta makombo. Wanawake wawili wamevuka barabara kwenda kununua chapati kwa mwingine. Mmoja kasema kwa sauti, ili asikike, "Mimi bado nataka kulea wanangu."

Shemeji alikuwa anafukuza nzi kwa kipande cha boksi. Kaniona. Kanisalimu vizuri tu, "Habari za huko kwenu Lumemo?" Nikasema nzuri. Nikanunua vitano, nikala vyote palepale nimesimama, watu waone. Naona aibu kuandika kwamba nilijisikia shujaa kwa vitumbua vitano.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilipanga kusema leo. Sikusema.

Tulisoma kitabu kingine, kumbukumbu za nesi mmoja aliyefanya kazi vijijini. Kitabu chembamba, karatasi mbaya, wino umefifia. Kwenye sura ya tatu anasema aliwahi kusinzia zamu yake na mama mmoja akafa. Anaandika jina la mama. Anaandika alikwenda kwao miaka sita baadaye, akafukuzwa kwa mwiko, akarudi tena. Basi. Hajasema alijifunza nini. Kaendelea na habari za chanjo.

Wenzangu wamekiona kinaboa. Bosco anasema hakina mauaji. Nilimfokea. Nilimwambia hicho ndicho kitabu pekee cha kweli tulichosoma mwaka huu, hivyo vingine ni watu kujipiga picha. Mwalimu akaniangalia juu ya miwani. "Leo umekula nini, bwana?"

Vitumbua, nilitaka kumwambia.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimempigia mwandishi. Namba yake iko nyuma ya kitabu. Nilimwambia ukurasa wa tisini na moja ni uongo, aliyedanganya ni mimi, yule mama hakuambiwa kitu.

Nilitegemea atashtuka. Kafurahi! "Mzee wangu, hii ni nzuri zaidi! Naomba nikupigie kesho nikurekodi. Inaweza kuwa kitabu kingine kabisa."

Nikamwuliza, na hiki kilichotoka? Akasema toleo la pili ataangalia. Lini? Inategemea soko. Halafu akaniuliza nilijisikiaje pale mtoni, maji yalikuwa ya baridi?

Nimekata simu. Nimerudi kwenye kiatu, nimejichoma na sindano. Anatafuta baridi ya maji. Vitumbua vya yule mama havinunuliwi, yeye anatafuta baridi ya maji.

Halafu nikajiuliza nilimpigia wa nini. Nilitaka afute yeye, ili nisiseme mimi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimekwenda.

Shemeji alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Nilikataa kiti. Nilimweleza lote, mto, kilabu, uongo. Hakuacha kuchambua. Aliokota kijiwe, akakitupa, akaokota kingine.

Nilipomaliza akauliza, "Maji yalifika wapi?"

"Kiunoni."

"Mimi siku ile yalinifika hapa," akaonyesha kifuani. "Na kiroba kichwani."

Nikasema, shemeji, nisamehe. Akaweka ungo chini.

"Usiniletee hayo. Mimi ninajua sikuambiwa. Miaka kumi na mbili ninajua. Unakuja kuniambia mimi ninachokijua? Mto ule ulikushinda, na leo tena umesimama upande uleule. Wasiojua wako Namawala."

Akachukua ungo tena.

"Na usije kuninunulia vitumbua vya huruma. Vile vitano ulikula kama mgonjwa."

Nilipofika barabarani akaniita. Akasema tarehe mbili mwezi ujao ni siku ya marehemu wote. Huko Namawala ukoo mzima unakusanyika kupalilia makaburi, na baba mkubwa huwa hakosi. Kila mwaka siku hiyo yeye Veronika anakwenda makaburi ya hapa Ifakara, anapalilia kaburi la mtu asiyemjua, lisilo na mwenyewe. "Nimechoka kulima la mtu mwingine," alisema.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimewaambia kikundi. Nilisimama, nikasoma ukurasa wa tisini na moja tena, halafu nikasema aliyemwambia mwandishi maneno haya ni mimi na ni uongo.

Mwalimu kavua miwani. Alinikasirikia kwa kitabu kwanza, kwamba nimemwacha akisifie wiki mbili. Halafu akanikasirikia kwa mengine. Kaniita mwoga. Neno lenyewe hasa, nililolikimbia miaka yote hii. Limeingia, limekaa, sijafa.

Mwandishi hataalikwa. Mwalimu kachukua kalamu, kaandika pembeni ya ukurasa ule: HAKUAMBIWA. Ni kitabu kimoja tu, kalamu haivifikii vingine. Ila hiki ndicho kinachozunguka hapa.

Bosco hakufanya utani. Wakati wa kutoka kaniambia, "Mzee, kesho asubuhi nitapaki bodaboda pale kwa mama, ninywe chai, watu wanione. Lakini wewe bado hujamaliza."

Ninajua sijamaliza.

Jumapili, 27 Oktoba

Misa ya kwanza. Sikukomunika. Padri nitamuungamia baadaye, hii haianzii kwake.

Mchana nimenoa majembe mawili, nimebadilisha mpini wa moja. Wingu dogo upande wa milimani, mvua hakuna. Nimemshonea shemeji ndala za ngozi, namba thelathini na nane, soli ya tairi, kwa sababu njia ya makaburini Namawala ina visiki. Akizikataa atazikataa.

Nimempigia baba mkubwa. Shikamoo, marahaba. Nimemwambia Jumamosi nakuja na nina neno la kusema mbele ya wote, nisamehewe au nisisamehewe. Kaniuliza neno gani. Nimesema atalisikia na wengine.

Jumamosi tarehe 2 Novemba, saa moja asubuhi, nitakuwa mlangoni kwa shemeji Veronika. Bosco atatupeleka. Kabla ya saa nne nitasimama makaburini mbele ya baba mkubwa na ukoo mzima, niseme kwamba sikuvuka mto, na shemeji hakuambiwa. Halafu nitamwonyesha kaburi, nimpe jembe, nikae pembeni.