Kwa Dada Kabula, Tuliyemlilia Akiwa Hai

Mpendwa dada yangu Kabula,

Shikamoo. Kabla shemeji hajaendelea kusoma, naomba uitikie kwanza, kwa sauti, hata kama mtoto amelala. Huku shuleni sitaisikia, lakini nitajua kwamba marahaba hiyo imetoka kinywani mwako. Kwa nini naitaka hivyo, utaelewa huko mbele.

Najua barua hii itasomwa mbele ya mama mkwe wako na majirani wa kambi ya mgodi, kwa kuwa wewe hukupelekwa shule na shemeji hajui kusoma kimyakimya. Basi nimeiandika iwe ya wote. Unanijua mimi, mbele za watu ulimi wangu hukauka. Kwenye karatasi hukauka kidogo tu.

Unaikumbuka Fifi? Nacheka mwenyewe kuuliza, maana huenda hivi sasa umeikalia. Lakini wanaokusikiliza hawajui ilikotoka, nami napenda kuikumbuka.

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini nguo bado zilikuwa adimu, na dukani kwa Mwarabu rafu zilibaki na kamba na viberiti tu. Mama alikuwa amehifadhi vipande vya kushonea tandiko ndani ya chungu kilichopasuka: kaniki yake iliyochakaa, mfuko wa unga wa amerikani, na lile shati la kaki la mjomba aliyerudi kutoka Burma. Alikosa kitu cha kujazia katikati. Ndipo siku ile tulipokwenda naye kwenye kituo cha kununulia pamba. Karani alipekua mzigo wetu akawa anaigawa pamba: hii safi, hii fifi. Ile safi aliipima. Ile fifi, iliyonyeshewa mvua ikageuka rangi, aliitajia bei iliyomfanya Mama anune. Mama hakubishana naye. Aliifunga ile fifi akajitwika, akasema, "Kama haifai kwa Mzungu, itafaa kwa mgongo wa Kabula."

Tuliichambua mbegu kwa mikono, mimi na wewe, uani. Kwa kweli nilichambua mimi. Wewe uliimba, na mbegu ukaziacha humo humo. Mama alikuwa akipita anakuuliza, "Kabula, unataka pamba iote mbavuni mwa mdogo wako?" Nawe ulimjibu, "Ikiota tutavuna bila kulima, Mama." Tulipokuja kulala juu ya ngozi ya ng'ombe na tandiko lile jipya, tuliloliita Fifi kwa ajili ya pamba yake, juu yetu, tulizipapasa mbegu zako kwa vidole, tukawa tunazipa majina ya watu wa kijijini. Ile kubwa kuliko zote tuliiita Karani. Panya nao walizisikia harufu, wakala kona nzima, na Mama akaishona upya. Mishono yake yote ililala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo, kwa sababu alishona kwa mkono wa kushoto.

Mfuko wa shati la mjomba aliuacha kama ulivyo, na kifungo chake. Ulikuwa unaficha michembe humo. Nilikuwa nikisikia kifungo kinafunguliwa, kisha kipande cha kiazi kikavu kinagusa mdomo wangu.

Halafu Mama akatutoka, akijifungua, yeye pamoja na mtoto. Nilikuwa mdogo, sikuyashika mengi ya siku zile. Naukumbuka mkono wako ukinivuta na sauti yako ikisema, "Njoo ulale upande wa mfuko." Mpaka siku hiyo upande ule ulikuwa wako, na hukuwahi kunipisha hata nikilia.

Kwa hiyo, dada, ulipoolewa na shemeji ukamfuata huko kwenye dhahabu ya Geita, na habari ikatufikia kwamba u mjamzito, nyumba yetu ilinyamaza. Desturi ni kwamba uzazi wa kwanza binti hurudi kwao. Lakini mganga wa hospitali alikukataza kupanda lori kwa barabara zile zilizochimbika na mvua. Baba alisikia, akasema, "Ni vema amtii mganga," kisha akatoka kwenda kutazama ng'ombe ambao alikuwa ametoka kuwatazama. Hakuna aliyelitaja jina la Mama, na hakuna aliyefikiria kitu kingine.

Nilikuwa likizo. Nilichukua sindano nimshonee mtoto kitu cha kulalia. Shangazi akaninyang'anya. "Wewe! Vitabu vimekutoa akili? Asiyekuja hatandikiwi."

"Sasa tutampelekea nini, Shangazi?"

Alifikiri, akaitazama Fifi. "Hii haikushonwa kwa ajili yake. Hii ni mtu mzima. Inakwenda tu kumsalimia Kabula."

Basi tuliikunja, tukaifunga kwa kamba ya katani, tukampa Saidi, yule utingo wa lori linalokwenda Geita. Unamjua Saidi: kijana wa Tanga, Kiswahili chake kinakwenda mbio kuliko lori lenyewe.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hulijui, maana Baba alikataza usiambiwe mpaka ujifungue.

Siku moja Shangazi alikuwa anatoka dukani kwa Mwarabu, wingu zito limetanda. Lori likapita bila kusimama, likikimbia mvua. Saidi alikuwa amening'inia nyuma, akamwona, akapiga kelele. Shangazi akasikia. Alikuja nyumbani anakimbia, kanga mkononi, chumvi aliyonunua ameimwaga njiani.

"Mayu! Mayu wee! Kabula kafaliki!"

Baba alikuwa amesimama. Aliketi chini hapo hapo alipokuwa, kwenye tope. Mimi niliingia ndani nikaenda kwenye ile ngozi yetu. Nilitaka kitu cha kujifunika uso, Fifi haikuwapo, nikajifunika mikono.

Sitakueleza sana kilio chako. Watu walikuja kutoka kila upande. Moto ukawashwa nje, wanaume wakauzunguka, wanawake wakajaa ndani. Mzee Masanja, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji ambaye hajawahi kumpa mtu hata punje, alileta kuku. Ndipo nikajua umekufa kweli.

Asubuhi wageni waliendelea kuja, na kila aliyefika aliuliza ilivyokuwa, na Shangazi akaanza upya. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nimezoea kusikiliza maneno, nafikiri ni ugonjwa wangu, hata karatasi iliyofungiwa sukari lazima niisome. Nikamsikia akiigiza, mikono mdomoni kama Saidi: "'Kabula anasema kafaliki, kafika!' Hivyo tu, lori likaenda."

Dada, nilijua ninachotaka kusema na nilijua sitaweza kukisema. Chumba kilijaa wanawake wakubwa. Niliinama nikamwambia Shangazi sikioni, "Alisema Kabula anasema?"

"Ndiyo," akajibu kwa sauti ya msibani, wote wakageuka. "Kabula anasema kafaliki."

"Mtu aliyefariki anasemaje, Shangazi?"

Mama Holo, jirani yetu, akabetua mdomo. "Hawa wa shule hawa! Hata msiba wanautungia mtihani."

"Labda alisema kabla hajafa," mwingine akasema.

"Alisema kwamba amekufa kabla hajafa?" akauliza bibi mmoja asiyesikia vizuri, na mtu fulani akaangua kicheko kisha akakigeuza kikohozi.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mlangoni alikuwa amesimama Baba, sijui tangu lini. "Mwacheni," akasema. "Minza, rudia. Sema watu wote wasikie."

Nilirudia. Sijui sauti ilitoka wapi. Nikaongeza kwamba aliyekufa hafiki, na Shangazi amesikia "kafika". Baba alichukua baiskeli, akanionyesha pa kukaa nyuma, tukaenda kulisubiri lori dukani. Njia nzima niliuona mgongo wake tu, na kila tulipopanda kilima nilitaka kushuka ili apumzike, naye akasema, "Kaa."

Lori lilikuja, safari hii likasimama. Saidi akaruka chini.

"Shikamoo mzee! Mbona macho mekundu?"

"Ulimwambia nini dada yangu?"

"Dada yako? Ah! Kwamba Kabula anasema mfarishi umefika."

"Nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki, mzee! Mfarishi! M-fa-ri-shi! Ule mlionipa mimi mwenyewe, wa pamba, wenye viraka. Mama mkwe wake, mtu wa Tabora, anauita mfarishi. Kabula anasema umefika, ahsanteni, na anawasalimu nyote. Jana nimemwacha anatwanga."

"Anatwanga?"

"Anatwanga na kunitukana kwa sababu niliufunga upya kwa mafundo magumu."

Baba alimshika mkono Saidi, hakuuachia. Akamwuliza kwa upole, "Sasa, mwanangu, kwa nini hukusema Fifi?"

"Mimi ningejuaje kama lina jina?"

Ndipo Baba akageuka, akaweka paji la uso wake kwenye bodi la lori, penye matope, akabaki hivyo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Dereva alipiga honi kidogo, Saidi akamwashiria anyamaze. Mimi nililia pia, kwa mara ya kwanza tangu habari ilipofika. Kabla ya hapo nilikuwa nimekauka. Nilihisi kama mtu aliyebeba mtungi umbali mrefu, akautua, halafu shingo yake haijui la kufanya.

Tuliporudi, Baba alianza kucheka kabla hatujafika, na watu waliomwona mbali wakadhani amerukwa na akili. Shangazi alipoelewa alishika kiuno. "Watu wa pwani nao! Kitu cha kujifunikia wanakipaje jina linalofanana na kifo?" Wanawake waliolia wakacheka mpaka wakalia tena. Mama Holo alinifinya shavu, akaniambia, "Mwalimu, umetunyima msiba." Mzee Masanja peke yake hakucheka. Alikohoa, akasema, "Mimi kuku wangu alikuwa wa msiba. Kama msiba haupo, naomba kuku wangu."

"Yuko chunguni, Masanja," Baba akamwambia. "Kaa tumle. Anakuwa wa ngoma sasa."

Naye alikaa, akala paja.

Lakini uzazi ulikuwa bado, dada. Kwa hiyo furaha yetu ilikuwa na mguu mmoja. Nilirudi shuleni, nikawa nasoma ukurasa mmoja mara nyingi bila kujua umeandikwa nini. Niliazima kamusi kwa mwalimu, nikalitafuta neno lile. Limo. Muda wote lilikuwa limekaa mle kitabuni, nami ninayejidai kupenda maneno sikulijua, na kwa kutolijua tulikuzika.

Jumapili iliyopita niliitwa getini. Baba alikuwa amesimama na baiskeli, amevaa nguo zake zile za kanisani. Niliutazama uso wake kabla ya kumsalimu, na nilipouona nilisahau shikamoo. Aliniambia kwamba Saidi siku hizi ameonywa na kijiji kizima. Lori likafika, akashuka, akasimama mbele ya Shangazi mikono pembeni kama askari, akasema polepole: "Kabula mzima. Mtoto mzima. Wa kike. Sina neno lingine." Hata hivyo Shangazi alimfanya arudie kwa Kisukuma, kile kidogo anachokijua, halafu ndipo akapiga vigelegele.

Baba hakukaa. Alisema anarudi kwa ng'ombe. Akapanda baiskeli, akaenda hatua chache, akarudi kuniambia tena jambo lile lile, kwamba ni wa kike na wewe ni mzima. Kisha akaenda.

Usiku huo nililala, dada. Wenzangu waliniamsha kengele ikiwa imekwisha kulia.

Sijui kama unaweza kuelewa nilivyo sasa. Tangu Mama, ndani yangu kulikuwa na mtu aliyesimama mlangoni akisubiri habari mbaya. Nimekua naye nikadhani ni mimi. Ameketi. Nafanya hesabu zangu na yeye ameketi. Jana nilinyoosha mkono darasani bila kuulizwa, mwalimu akashangaa, nami nikashangaa.

Mbusu mtoto. Mpe mama mkwe wako salamu zangu za heshima, na umwambie neno lake tumelijua sasa, hatutalisahau. Shemeji, ahsante kwa kusoma. Najua hapa na pale umechoka.

Shangazi anasema mtu aliyeliliwa angali hai huishi mpaka akawachosha wajukuu. Mimi sijui kama ni kweli, halimo kitabuni. Ninachojua ni kwamba machozi yako nimekwisha kuyalipa, yote, mapema, na sina mengine ya kukupa. Kwa hiyo usinidai tena. Ishi tu, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Minza