Kikohozi Kabla ya Safari

Migosi, Kisumu
4 Agosti 2025

Shangazi mpendwa,

Naahidi kukueleza yote, hata lile ambalo Mama ameniomba nilinyamazie.

Tuko salama. Mama bado anakausha samaki wa mbuta kwa moshi kule ufukweni Dunga. Barua yako nililisomea darasa zima, pale ulipomtoa gorila mdogo kwenye mtego na kumfunga kidonda, huku mama yake akikutazama. Mwalimu Waswa alisema, "Huyo sasa ni daktari."

Shangazi, ninakohoa na nina homa. Mama anasema, "Ni moshi wa samaki tu. Jumamosi panda basi uende Uganda kwa shangazi yako, nani atakuuliza?" Kaka Joram ananicheka: "Ati Sheryl anaogopa kumwambukiza gorila. Mimi mbona hukuniogopea?"

Lakini moshi hauleti homa, na Dolphine, tunayekaa naye dawati moja, aliugua kabla yangu. Wewe mwenyewe uliandika kwamba mafua yetu yanaweza kuwaua gorila, nao wamebaki wachache. Nimeingoja safari hii mwaka mzima. Jana nilitoa nguo zangu begini, nikalia, kisha nikamwambia Mama kwamba siji. Hakunigombeza. Alisema, "Basi umefanana na shangazi yako," na nilifurahi kusikia hivyo.

Tafadhali nijibu upesi, maana likizo ni fupi: kikohozi kikiisha, ningoje siku ngapi ndipo niweze kuwakaribia bila kuwadhuru?

Binti yako,
Sheryl