Motokari ya Manjano Itapita Beni

Jumatatu, 3 mwezi wa sita

Ukungu tena. Butembo yote iko ndani yake, ata miti ya kalitusi ya ng'ambo haionekani. Vidole baridi. Tangu asubui nashona maua ya kitambaa. Nyeupe, nyeupe, nyeupe tu. Ndoa ya binti ya patron Mbusa, ule tajiri wa maduka, ni posho, Jumamosi ya tarehe 22, na miye njo nitapamba gari ya bibi-harusi. Njo kazi yangu: magari ya ndoa. Ruban, maua, voile juu ya kapo, ile mufuniko ya injini. Batu banadharau, mais hakuna ndoa ya maana inapita mu hii mji bila mikono yangu.

Patron alikuja mwenyewe na telefone, nione gari nipate vipimo. Gari mupya, ya Kijapani, ya mbio, ya batu babili tu. Iko njiani, ku mugongo ya kamyo, inatoka Mombasa. Nikaangalia picha. Nikaweka sindano chini.

Pua ndefu. Paa inateremuka nyuma polepole, matako mafupi. Fara, zile taa za mbele, zimeingia mu mashimo yao sawa macho ya mutu mwenye usingizi. Manjano, manjano ya ndizi.

Ni gari ya Baba! Imezaliwa tena. Patron anasema Bajapani bamefanya vile makusudi: ndani bintu byote ni bipya, sura bamerudisha ya zamani. Nilisema "ah bon". Tangu pale ninaona manjano kila mahali, ata mu chai.

Jumatano, 5 mwezi wa sita

Katembo amepiga telefone kutoka Beni. Ule ndugu yangu mudogo hajui kusema jambo polepole. Eti majirani wa upande wa juu bamehama bote. Eti ku mashamba hakuna mutu anaenda tena, juu ya usalama. Yeye na muke wake na batoto banakuja Butembo mwisho wa mwezi, nyumba bamekwisha kupata. Na Mama? Mama amekataa. Tena! Amesema Katembo aende salama, amuachie tu kuku.

Niko na kasirani. Chai nimemwaga inje.

Mama anangojea Baba. Niandike hii wazi, juu siku zingine naizoea sawa ni kitu ya kawaida. Baba alikuwa mununuzi wa kahawa. Vita ya kwanza ya huku kwetu ilikuta ameenda Manguredjipa na gari yake ya manjano, wakati barabara ilikuwa ingali barabara. Alisemaka atarudi kumuchukua Mama, bahamie Butembo. Hakurudi. Hakuna mutu aliona maiti, hakuna mutu aliona gari. Siye batoto tulilia. Mama hapana. Alisema: nitatoka mu hii nyumba siku ile motokari itakuja kunichukua. Basi. Ikaisha vile.

Tangu pale portaye ya Mama, ule mulango wa lupango, haifungwi na kufuli. Na mu kanisa anakaa mwisho wa benchi, ku mukono wa kuume, halafu kushoto yake anaweka kitambaa. Ni nafasi ya Baba. Vile balikaaka mu gari, Baba kushoto ku volan, ule usukani, Mama kuume. Mutu akijaribu kukaa juu ya ile kitambaa, ole wake. Ata pasta anajua.

Katembo akihama, Mama atabaki peke yake mu ile mutaa na portaye wazi. Naogopa.

Alhamisi, 6 mwezi wa sita

Nimeota gari. Inakuja mu ukungu, haina sauti, pine hazigusi udongo. Baba hakuwa ndani. Hakuna mutu alikuwa ndani. Lakini ilikuwa inajua njia.

Nimeamuka na njaa.

Siku ya Mungu, 9 mwezi wa sita

Pasta alihubiri murefu. Sikusikia kitu. Nilikuwa nafuata kamyo mu kichwa: Mombasa, Kampala, Kasindi. Kisha Kasindi ni Beni. Kisha Beni njo Butembo. Ile gari lazima ipite Beni! Haina njia ingine.

Macho ya Mama haioni tena muzuri. Na akili yake siku zingine iko, siku zingine inatembea. Juzi alimuita Katembo na jina ya Baba, ule mupumbafu akaitika. Mama akiona ile pua ya manjano mbele ya portaye, ataingia. Naijua. Ataingia bila neno, na shofere atamuleta mpaka kwangu.

Donc nataka kudanganya mama yangu muzazi, na uongo naupanga mu kanisa, kati ya wimbo na sadaka. Haya. Mungu ameniona, ananizoea.

Jumanne, 11 mwezi wa sita

Nimeenda kwa patron. Nilivaa kikwembe ya heshima, nikajitayarisha kwa kukatazwa. Nilimuambia yote: Baba, Manguredjipa, Mama, portaye.

Mutu mukubwa vile, na maduka yake, alianza kufuta miwani ambayo haina uchafu. Kisha akasema ile gari anaijua. Wakati alikuwa angali mutoto, pale mutaa wa Vungi hapa Butembo, balikuwa banaikimbilia nyuma kila mara Baba akipita. Njo maana amenunua hii. Batu banamucheka: barabara zetu hizi, yeye analeta gari ya chini sawa sahani, wenzake bananunua majeep. Hakuelezaka mutu. Ata muke wake anazani ni juu ya ndoa.

Nilikuwa nimesimama pale na mukoba yangu, ninamuona ana miaka saba. Nilimupenda kabisa ile saa.

Amekubali. Gari itashushwa Beni, shofere wake Kasereka ataenda kuichukua, atapitia kwa Mama. Shariti moja tu: kuku hapana kuingia mu gari.

Ijumaa, 14 mwezi wa sita

Gari imekwama ku duane, ku forodha ya mupaka, Kasindi. Karatasi. Hakuna anajua mpaka lini. Ruban nimeshona vibaya, nikafumua, nikashona tena, nikatukana mashini. Inanyesha kidogo na si wakati wake. Katembo ameanza kufunga bintu. Anasema Mama anamusaidia kufunga, anaimba, halafu anarudi kukaa ku kibaraza na kuangalia portaye.

Jumatatu, 17 mwezi wa sita, Beni

Duane imeachilia! Nilipanda taksi ya kwanza kuja huku. Ku makona ya Kabasha nilifunga macho sawa kawaida. Beni joto, triko ya sufu nikavua ata mbele ya kushuka.

Mama alinishika uso na mikono miwili. Eti nimekonda. Siye bote tunajua sijakonda. Alipika fufu na sombe, akaniangalia nikikula, na nikaona vile amekuwa mudogo. Kiti chake kinamupita.

Nilisema wakati anapakua. Nilisema: Mama, Jumatano motokari ya manjano itakuja.

Mwiko ulisimama. Hakuuliza nani, hakuuliza namna gani. Aliweka sahani muzuri mbele yangu, akaenda inje, akafua kilemba yake nyeupe. Miye nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia sawa mutoto. Ni uchafu gani huu nimefanya?

Jumanne, 18 mwezi wa sita, Beni

Furushi moja. Njo yote anabeba. Sufuria amegawia jirani aliyebaki. Amepiga viatu vya kanisa mafuta, ameviweka ku mulango, vinaangalia inje. Anatembea mu nyumba na kugusa kuta. Hajakuwa muzuri vile tangu zamani. Sijui niangalie wapi.

Gari isipokuja, nitakuwa nimemuua. Ikikuja, nitakuwa nimemudanganya. Telefone ya Kasereka haipiti.

Jumatano, 19 mwezi wa sita

Imekuja. Niandike polepole, mikono ingali na vumbi.

Tulisikia kwanza kelele ya batoto, halafu sauti yenyewe, nzito, ya chini. Gari ikatokea ku kona, pale ku muti ya avoka, polepole sana juu ya mashimo. Kasereka alikuwa ametoa kichwa ku dirisha, anatafuta mawe. Jua ikapiga ku kapo, ile manjano ikajaa mu barabara yote. Nilisahau ni uongo wangu mwenyewe. Kweli, nilisahau. Nilisimama pale nangojea Baba ashuke na anikemee juu ya nywele zangu.

Kasereka akashuka. Ni baba wa watu, ana masharubu, mutu ya heshima. Akatoa kofia, akamusalimia Mama, akamuita Mukaka, vile anaitaka nyanya yake mwenyewe.

Mama hakumuangalia. Alitoka na furushi yake, kilemba nyeupe, viatu vinang'aa. Aliweka mukono ku pua ya gari, akaipapasa polepole mpaka ku kioo. Kisha akazunguka upande wa kuume, upande wake wa siku zote. Akafungua mulango, akainama aingie.

Volan.

Volan ilikuwa pale, ku nafasi ya Mama. Eh, miye Kahindo, bure kabisa! Magari yote ya siku hizi inatufikia na volan kuume, macho yamezoea. Nikasahau ya Baba ilikuwa ya wakati wa Zaïre, volan kushoto. Niliwaza rangi, niliwaza pua, niliwaza fara. Volan sikuiwaza ata mara moja.

Mama alibaki ameinama. Aliishika na mukono moja. Juu ya tablo, mbele ya viti, kuko saa ndogo tatu za mviringo, vile vile sawa za zamani, zinaangalia mutu anayeendesha. Akaziangalia. Akaangalia kile kiti cha kushoto. Akasema: "Hii si yake."

Nikasema ukweli yote, haraka, mbele ya kila mutu. Ni ya patron, ni mupya, ni ya ndoa, miye njo nilidanganya, juu naogopa, juu sitaki simu ya Katembo iniambie siku moja jambo ambalo siwezi kusikia. Nilitukana ata Bajapani. Kasereka aliangalia viatu vyake.

Mama aliniacha nimalize. "Nafasi yake haina mutu, Kahindo," akasema. "Nimeangalia muzuri. Haina mutu."

Na akalia. Mara ya kwanza. Alilia ameegemea ule mulango mupya, na mutu hakuthubutu kumuambia asiiloweshe.

Nilizani atarudi ku nyumba. Ningemuacha arudi, nguvu ya kubishana ilikuwa imeisha. Lakini alijipanguza na kitambaa, ile kitambaa, akazunguka gari kupitia nyuma, njia ndefu. Akafungua mulango wa kushoto. Akakaa ku nafasi ya Baba. Akaingiza kikwembe isibanwe.

"Huku sijakaaka," akasema. Aliangalia mbele sana. "Kumbe njo hapa alikuwa anaonea barabara."

Kisha akamuita Katembo, akamuambia kuanzia leo portaye ifungwe na kufuli. Na Kasereka, Mama akamuuliza anangojea nini.

Batu babili tu, ile gari. Donc miye nilipanda moto, ile pikipiki ya taksi, kuku mu kitunga mbele ya tumbo yangu, na nikakula vumbi yao kutoka Beni. Pale Maboya, njiani, batoto bakakimbia nyuma ya gari, bakapiga kelele. Ku kile kioo kidogo cha nyuma niliona kilemba nyeupe, kinageuka huku, kinageuka kule. Alikuwa anaangalia milima. Nililia na nikacheka, na motard akaniuliza kama kuku amenidonoa.

Jumamosi, 22 mwezi wa sita

Ndoa. Mama alisimama kando yangu nikipamba, amevaa triko yangu mbili. Alisema ruban ya kushoto imepinda. Ilikuwa imepinda kweli.

Bibi-harusi akaingia, gari ikatoka polepole mu ukungu, maua yangu yote yanatetemeka. Na patron Mbusa, mu kostime yake, mbele ya wageni bote, akaikimbilia nyuma. Hatua kidogo tu. Batu bakacheka sana. Miye na Mama hatukucheka.

Siku ya Mungu, 30 mwezi wa sita

Ukungu. Mama anasema Butembo ni friji, na batu banaoishi mu friji hawana akili. Katembo amefika jana na batoto na masufuria. Kuku anataga chini ya mashini yangu.

Tumeenda kanisa bote. Nilichelewa ku mulango, nasalimia batu. Nikiingia, Mama amekwisha kukaa. Kitambaa ilikuwa juu ya mapaja, imekunjwa. Na yeye amekaa katikati ya benchi, miguu mbele, mikono huku na huku, benchi yote yake.

Nilimuambia asogee kidogo. Akasema yuko muzuri pale, nitafute kwingine.

Nikakaa nyuma yake.