Bahasha Sita za Mzee

Al-Rawdah, Jeddah

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada Mkamburi ameniambia umeanza tena kupanda kilima bila fimbo, ati fimbo ni ya wazee. Ichukue, Baba, tafadhali. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na joto la huku tumeshazoeana. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, nusu nyingine unajitungia, na habari hii nataka uipate nzima.

Unajua kwamba nilihama Riyadh. Madam bado anafanya kazi katika ofisi moja pale Olaya, lakini baba yake alipoanguka bafuni huku Jeddah, alinileta nimtunze. Ana kwa ana namwita Baba, ila humu nitamwita Mzee, usije ukaona wivu. Alisoma Amerika ujanani, na tangu hapo anakusanya stempu za huko, za zamani sana, nyingine zilibandikwa hata babu yake hajazaliwa. Akishakunywa chai anakaa mezani na lenzi na kibano mpaka adhana ya adhuhuri. Mwanzoni nilimcheka moyoni. Mtu mzima, na nyumba kubwa namna hii, kutwa anachungulia vikaratasi!

Baadaye nikaanza kusimama nyuma ya kiti chake na kitambaa changu cha vumbi. Alinionyesha kwamba stempu iliyochapwa picha kichwa chini ina thamani kuliko iliyochapwa sawasawa. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni, "Baba, Amerika kosa linatafutwa, lakini mimi nikikosea chumvi Madam anasema yalla, rudia!" Alicheka hadi akakohoa. Tangu siku hiyo akawa ananiita nione kitu.

Sasa sikia nilichofanya. Mzee alikuwa anangoja mthamini kutoka Riyadh, mtu anayejua bei za stempu, aje apitie mkusanyiko wote. Watoto wake wanasema ni takataka, na zaidi ya hapo wanasema Mzee ameanza kusahau. Alitaka mgeni huyo aseme mbele ya Madam kwamba maisha yake hakuyapoteza bure. Siku mbili kabla, dereva alimpeleka kliniki kwa mazoezi ya mguu, nami nikaona nimtengenezee vitu vyake vipendeze. Kulikuwa na bahasha sita kuukuu, zimegeuka rangi ya chai, zina madoa na mihuri ya posta kila mahali, na kila moja ina stempu nyekundu nzuri yenye uso wa rais wao wa kwanza.

Wewe unajua mikono yangu ilikwenda wapi. Nilikata pembe zenye stempu, nikazitia kwenye maji ya uvuguvugu, nikangoja gundi iachie yenyewe bila kuvuta, nikalaza stempu kwenye taulo na kuzigandamiza kwa kitabu cha mapishi. Vilevile ulivyotufundisha Jumamosi kanisani, tulipokuwa tukikusanya stempu za wamisionari. Hata moja haikuchanika! Bahasha nikazitupa.

Mzee aliporudi nilimletea stempu kwenye sahani kama keki. Akaangalia, kisha akauliza bahasha ziko wapi. Nikasema, "Mafi, Baba, hazipo tena. Zilikuwa chafu." Alikaa chini polepole. Akanieleza, bila kunipigia kelele, kwamba stempu zile peke yake ni za kawaida, zilichapwa tele. Thamani ilikuwa kwenye bahasha nzima: mji ilikotoka, tarehe ya muhuri, alama ya meli iliyoibeba. Nilichokiita uchafu ndicho alichokuwa akikitafuta miaka yote. Nilikimbilia pipa la barabarani, lakini gari la taka lilikuwa limepita. Siku mbili hizo Mzee hakugusa chakula, na mimi nilianza kuwaza ni nani kule Kandara, mtaa wanakokimbilia wafanyakazi waliofukuzwa, angenipa hata godoro Madam akinifukuza.

Mthamini alikuja na Madam. Alipitia vitabu kwa heshima, mpaka akaona zile bahasha sita zimeorodheshwa kwenye daftari la Mzee. Akaziomba. Nilikuwa nimesimama palepale na sinia la kahawa, Baba.

Mzee akasema, "Nilizikata mimi. Niliona zitapendeza zaidi."

Mthamini aliweka lenzi chini, akamtazama kwa huruma. Madam akamwinamia, akamwambia taratibu kama unavyomwambia mtoto, "Halas, Baba, basi sasa. Masanduku haya ya stempu yanakwenda Riyadh. Na daktari nitamtafuta." Mzee alinitazama mara moja tu, akaangalia dirishani. Katika nchi hii nimesingiziwa mengi na watu. Huyu ni wa kwanza kudanganya kwa ajili yangu. Nikaona kwamba nikinyamaza nitabaki na kazi, na yeye atabaki bila stempu na bila akili machoni pa watoto wake.

Nikaweka sinia chini. "Madam, ni mimi niliyekata. Baba hakuwepo nyumbani. Muulize dereva."

Madam alipaza sauti, siwezi kukuficha. Alisema nikafungashe. Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu aliponifuata chumbani, akasimama mlangoni, sauti imeshuka. "Kwa nini umesema? Ulikuwa umeshaokoka."

Nikamjibu, "Kwa sababu Baba hajasahau kitu, Madam. Anakumbuka hata jina la meli."

Akakaa kitandani pangu, mtu ambaye hajawahi kukanyaga chumba changu, akalia. Masanduku hayakwenda Riyadh. Nguo zangu nimezirudisha kabatini, na asubuhi nakaa kiti cha pili mezani, nikishika kibano, nikifundishwa kipi kiguswe na kipi kiachwe. Namshukuru Mungu kwa mzee huyu, Baba. Nakushukuru na wewe pia, maana ulitufundisha kazi ya mikono na kusema kweli, na nimevitumia vyote viwili katika wiki moja, kimoja vibaya.

Nisalimie Dada Mkamburi na mumewe, shangazi anayekupikia, na mwalimu wa kwaya.

Mzee anakusalimu sana. Ameniuliza kama nakuandikia kosa langu. Nikasema nimeliandika lote. Akasema, "Basi mwandikie na langu, kwamba nilidanganya mbele ya binti yangu, ili asidhani mtoto wake anakosea peke yake huku."

Mwanao,
Wakio