Mgeni Asiyesema "Rudini"

Jumamosi, Agosti 1994

Miguu inaniwaka moto, na wa kulaumiwa ni Karin.

Leo huyo Mzungu wetu amemaliza miezi yake ya kujitolea hapa kwenye kituo cha kulelea watoto. Tulimsindikiza na watoto wote hadi lilipokuwa lori la mfanyabiashara wa usipa, wale dagaa wa ziwani, maana basi halijaonekana wiki nzima. Sasa, kwetu mgeni anayesindikizwa ndiye anayesema, "Basi, rudini." Mwenyeji akigeuka kabla, ni kama amemchoka. Nilidhani ataturudisha penye kanisa. Wapi! Tukapita mashamba ya mihogo, tukaanza kupanda mlima wa kwenda Tingi, jua kali, watoto peku, yeye analia tu.

"Mama, hawa watoto hawataki kuniacha," akaniambia.

Hawakuwa wamekula tangu uji wa asubuhi. Ningemwambia nini, wakati alishaanza kuwakumbatia? Alipanda lori, akapunga mkono, na "rudini" hakuisema. Ilibidi niwageuze mimi, na aibu yangu.

Mchungaji anasema mwezi ujao anakuja mwingine. Sijui kama nina nguvu ya kuwabembeleza watoto tena huyo naye akiondoka. Walau nitamfundisha kuaga siku ile ile atakayofika.

Jioni Neema, yule mdogo aliyezoea kulala mapajani kwa Karin, alimtengea sahani ya ugali pembeni.

"Kula, mwanangu. Karin ameshakwenda."

"Hajaenda, Mama. Hajatuambia turudi."

Nimeifunika ile sahani.