Salamu Iliyoondolewa Mtamboni

Changamwe, Jumapili

Mke wangu Mama Mwakio,

Natumai kikohozi kimekuachia, na mvua ya huko Wundanyi haijaozesha maharagwe. Mwili wangu ni mzima, ila nina hasira tangu Jumanne.

Unamkumbuka Kahindi wa pampu, aliyetuletea madafu ulipokuja? Kiwanda kimemfukuza kwa kosa lisilo lake. Nikueleze taratibu.

Tangi letu la mafuta ya kupikia hutuma habari kwa redio: "limejaa" au "bado". Fikiria kamba yako ya kuanikia nguo. Ukiitikisa kwa kuanzia juu, hiyo ni "limejaa". Ukianzia chini, ni "bado". Wimbi ni lilelile, limegeuzwa tu. Sasa mtambo unaopokea, ukiwashwa upya, unaweza kulishika wimbi kichwa chini wala usijue. Hapo kila "limejaa" husomeka "bado", tena safi kabisa, bila mikwaruzo. Ndiyo maana miaka ile niliweka salamu: kabla ya habari hutangulia alama ambazo mtambo unazijua. Zikifika zimepinduka, hujirekebisha.

Injinia mpya akaiondoa. "Mzee, inakula muda. Nyinyi watu wa pwani hata mashine mmeifundisha shikamoo." Wenzake wakacheka. Nilimwonya, akaniambia nikapumzike.

Jumanne umeme ulipotea, ukarudi. Tangi likajaa, taa ya mtambo pale pampuni ikasema bado, Kahindi akaendelea kusukuma, mafuta yakamwagika hadi barabarani, malori yakawa yanateleza. Kahindi akajitetea, "Taa ilisema bado, bosi. Nibishane na taa?" Wakaandika kwamba alilala. Karatasi wakaniletea mimi, fundi mkuu, nitie sahihi.

Sikutia. Nilimwita meneja, tangi likiwa limejaa, nikazima mtambo na kuuwasha mbele yake, tena na tena. Mara ya tatu taa ikasema bado. Aliitazama, kisha akasema, "Mzee, umebakisha miezi miwili ustaafu. Tia sahihi uende nyumbani kwa heshima."

Heshima gani hiyo, mama? Ameona kwa macho yake. Nimeandika karatasi yangu mwenyewe, nikaeleza kama nilivyokueleza wewe, na hiyo ndiyo niliyotia sahihi. Kesho Kahindi ataipeleka kwa afisa wa kazi.

Nisalimie mama mkwe, na shemeji anayekusaidia shambani. Na ukiniona mlangoni kabla ya miezi hiyo miwili, nisalimie kwanza, ndipo uniulize.

Mumeo,
Baba Mwakio