Ukurasa wa Mizinga

Kasulo, 4 Agosti 2025

Mwanangu Irine,
Habari za Biharamulo? Sisi hatujambo, ila magoti yangu bado yanagoma kwenda msituni. Ukurasa wa chama chetu cha wafuga nyuki, ule uliotutengenezea, jana umenifukuza. Umeandika "Wafanyakazi tu." Nawe unajua mizinga yangu naitembelea kwa picha za humo, kwenye simu, kila nikimaliza chai. Nifungulie.
Baba yako,
Leonidas

Biharamulo, 6 Agosti

Shikamoo baba,
Pole na magoti. Mimi mzima. Wezi walikuwa wakisoma ramani ya mizinga kama sisi, ndiyo maana mwenyekiti Claudia akaagiza nifunge. Kwenye Python, lugha ninayoandikia programu za kompyuta, ni mstari mmoja, unaanza na alama ya @, nauweka juu ya maagizo yanayofungua ukurasa. Hukaa kama bawabu: usipotambuliwa kuwa mfanyakazi, unarudi. Wewe ni mwanachama, si mwajiriwa. Nikimpitisha baba yangu, kila mtu ataleta wake.
Mwanao,
Irine

Kasulo, 9 Agosti

Marahaba. Nimeelewa. Mama yako anakusalimu, maharage yamekauka vizuri. Sitauliza tena.
Baba yako

Biharamulo, 28 Septemba

Shikamoo baba,
Hamjambo huko? Kimya chako kinanisumbua.
Chama kimekubali, nimeandika mstari mwingine: mfanyakazi anaona yote, mwenye mizinga anaona yake. Ukijaribu leo utapita. Lakini kabla hujafungua, jua kwamba moto wa mwisho wa Julai uliteketeza mizinga yako yote. Niliona picha siku ileile niliyofunga ukurasa. Wezi walikuwepo kweli, ila ningeweza kukuombea ruhusa mapema. Niliogopa kukuambia, nikajificha nyuma ya mstari ule. Nisamehe.
Mwanao,
Irine

Kasulo, 30 Septemba

Marahaba mwanangu,
Sisi wazima. Habari za moto aliniletea jirani yetu Felisiani kabla majivu hayajapoa. Majirani walikuja kunipa pole, wakakaa uani na pombe ya ndizi hadi jioni kama msibani. Mama yako nilimkataza asikugusie. Nilitaka uniambie mwenyewe.
Ukurasa niliuomba kwa ajili ya picha za zamani, mizinga ikiwa mizima na nyuki wamejaa mlangoni. Leo nimeziona. Ukija, njoo na simu yenye kioo kikubwa, hii yangu inanionyesha nyuki kama punje za ulezi.
Na uje, Irine. Wote wameshanipa pole, umebaki wewe.
Baba yako,
Leonidas